Turbo Alivyoikimbiza Kompyuta Kuukuu

Majirani zangu, sogeeni. Hii ninayowapa leo si ya kunong'onezana mlangoni halafu mkakana kwamba mliisikia. Wenyewe wameniruhusu niiseme hadharani, tena mke mwenyewe aliniambia, "Iseme yote, usimpunguzie mume wangu."

Nyumba yenyewe mnaijua kwa kelele zake. Chumba cha mbele kiligawanywa kwa pazia la maua. Upande wa mlangoni Mama Pacha anasuka nywele. Upande wa ndani mumewe anahariri video za harusi. Asubuhi ya kawaida ungekuta wateja watatu mkekani, mmoja kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama kama aliyepigwa shoti. Feni inawapepea, pacha wako shuleni, umbea unazunguka taratibu, na nyuma ya pazia mume anapiga mluzi. Mama Pacha alikuwa na raha zake. Alikuwa akisema hahitaji redio, ana mkeka.

Kompyuta ya mumewe ilikuwa kuukuu, imenunuliwa kwenye ofisi iliyokuwa inafungwa. Prosesa yake, yaani kile kidude kinachofanya hesabu zote, ilikuwa ya bei poa. Na mazabodi, ule ubao mkubwa unaobeba vyote vya ndani, ulikuwa na umri wa kuwazidi pacha. Video ya saa mbili iliichukua nusu siku kukamilika. Lakini ilikamilika. Hakuna bi harusi aliyewahi kuondoka mikono mitupu.

Basi ng'ambo ya barabara, ghorofani, ikafunguliwa studio mpya. Bango lake kubwa: HARUSI LEO, VIDEO KESHO. Mluzi nyuma ya pazia ukakatika.

Bwana akaanza kushinda kwenye simu, akitazama vijana wa mbali wenye kompyuta za kuwakawaka taa wakifundisha namna ya kuipandisha prosesa spidi. Siku moja akatoka nyuma ya pazia macho yamemtoka.

"Mke wangu, kumbe hii mashine waliifunga breki kiwandani!"

"Na waliofunga breki walikuwa wajinga?"

"Wanatubania ili tununue za bei mbaya. Mimi nazifungua."

Akaingia kwenye mipangilio ya ndani, ile inayotokea kabla kompyuta haijaamka vizuri, akapandisha namba mbili tatu. Mashine ikawaka, ikakimbia. Video fupi ikaisha kabla Mama Pacha hajamaliza msuko mmoja. Bwana alipiga kelele mpaka muuza maji akasimama mlangoni kuuliza kama pamefungwa bao. Wanawake wakamvisha jina papo hapo: Turbo, kama injini ya gari la mbio. Naye jina likamkaa kooni kama sukari.

Hapo ngoja niseme. Angeishia palepale, leo nisingekuwa na hadithi. Wapo wanaozipandisha mashine zao wakaishi nazo salama, kwa sababu wanajua ubao wao unabeba nini. Turbo hakujua, na hakutaka kuuliza. Kila siku akaongeza namba moja, akaongeza na umeme wa kuilisha prosesa, akamwita jirani mmoja mmoja aje aone.

Joto likaanza. Akafungua ubavu wa kompyuta, haikutosha. Akaja kuchukua feni ya mkekani.

"Na wateja wangu?" Mama Pacha akauliza.

"Watu wanatoka jasho tu, mke wangu. Mashine inaungua."

Ndani ya kompyuta kulikuwa na kispika kidogo cha kutoa tahadhari joto likizidi. Kikawa kinalia pi, pi, pi mchana kutwa. Mteja mmoja, fundi cherehani mwenye mdomo, akapaza sauti, "Shemeji, mtoto wako anataka kunyonya!" Chumba kizima kikacheka. Turbo akaona haya. Akachomoa waya wa kispika.

Mashine ikabuni njia nyingine ya kujiokoa: ikawa inajizima yenyewe. Turbo akarudi kwenye mipangilio, akaitafuta ile kinga inayozima mashine joto likipita kiasi, akaiondoa. "Sasa haizimi tena," akasema, kama daktari aliyemponya mgonjwa.

Mama Pacha hakuzijua namba. Alichojua ni kwamba mumewe sasa anakula amesimama, na pacha wakileta madaftari wanaambiwa "baadaye", na harusi moja ya jirani aliikataa ili abaki na mashine yake. Alipolisema hilo, akajibiwa kwamba mafanikio yana gharama. Akanyamaza. Ananiambia mpaka leo anajilaumu kwa kunyamaza kule.

Katikati ya homa hiyo, Turbo alirekodi harusi ya muuguzi mmoja wa zahanati yetu. Alirudi na kadi ya kamera, akaihamishia video yote kwenye kompyuta. Sikilizeni vizuri: hakuinakili, aliihamisha, ikatoka kwenye kadi moja kwa moja. "Kunakili ni kwa wenye muda," alisema. Wala hakuifungua kuiangalia.

Siku ya tisa baada ya harusi, baba wa bi harusi, seremala, alianguka karakanani kwake na hakuamka.

Muuguzi alikuja mkekani akiwa bado na macho mekundu.

"Dada, sijaja kusuka," akasema. "Nimefuata video. Siku ya harusi mama alikuwa amelazwa, amevunjika nyonga. Hakumwona baba akiongea. Kila siku ananiuliza baba alisema nini, na mimi nilikuwa nalia tu, sikumbuki hata neno moja."

Mama Pacha akaweka kitana chini. Lakini kabla hajafungua mdomo, sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Kesho mchana unayo, dada yangu! Hapa ni kwa Turbo!"

Muuguzi alipoondoka tu, akapandisha namba ya mwisho, akaanza kazi.

Haikupita nusu saa, harufu ya plastiki ikajaa chumbani. Fundi cherehani akaanza kusema, "Jamani, nani kaacha chungu..." Pah! Moshi ukapanda, pindo la pazia likashika moto. Mama Pacha aliruka, akazima swichi ya ukutani, akalivuta pazia lote likaanguka, akalikanyagakanyaga na kandambili zake mpaka likazimika. Wateja walikuwa wameshafika barabarani, mmoja ana misuko saba upande mmoja na kitana kimening'inia upande wa pili.

Mume alikuwa amesimama mikono kichwani. Hakuna aliyemwita Turbo.

Wakaibeba kompyuta wote wawili hadi kwa fundi wa kompyuta wa pale sokoni, mwanamama wa maneno machache anayevaa miwani mbili, moja ya macho na nyingine ya paji la uso. Akafungua, akamulika tochi.

"Ubao umekufa. Unaviona hivi vikopo vidogo? Vimevimba vichwa, kimoja kimepasuka. Ndivyo vinavyotuliza umeme unaokwenda kwenye prosesa. Vimezeeka, wewe ukavibebesha mzigo wa vijana. Nani aliondoa kinga?"

"Mimi."

"Na king'ora?"

"Mimi."

Fundi akamtazama Mama Pacha. "Pole, dada."

Diski, ile inayohifadhi video zote, ilikuwa hai, na wote wakashusha pumzi. Lakini video ya harusi ilipofunguliwa kwenye kompyuta ya fundi, seremala alionekana ameshika maikrofoni, kisha uso wake ukakatika vipande vya kijani, sauti ikakwaruza, ikapotea. Fundi akaeleza kwamba mashine ikikimbizwa kupita uwezo inakosea hesabu kimyakimya, na siku ile ya kuhamisha ilikuwa inaandika makosa bila kumwambia mtu.

"Kadi ya kamera iko wapi?"

"Ninayo. Lakini iko tupu."

"Umeirekodia kitu tangu siku hiyo?"

Akainama. "Hapana. Sijatoka. Nilikuwa... na mashine."

"Basi usiiguse. Kilichofutwa huwa kinabaki chini kwa muda kama hakijaandikiwa juu. Nitatafuta. Siahidi kitu. Njooni kesho."

Njiani mume akasema, "Tumwambie muuguzi kompyuta imepata hitilafu kidogo, arudi wiki ijayo."

Mama Pacha akasimama katikati ya njia, watu wakampita kushoto na kulia. "Baba Pacha, mimi moto nimeukanyaga. Uongo siukanyagi. Utamwambia leo, kwa mdomo wako, na mimi nitakuwa pembeni."

Walimkuta nje ya zahanati. Akasema yote: namba, kispika, kinga, kadi. Muuguzi hakupiga kelele.

"Ulikuwa unaharakisha nini, kaka?"

"Nilitaka uipate mapema."

"Mimi nilikuomba mapema?"

Muuguzi akarudi ndani kwa wagonjwa wake. Mama Pacha anasema katika ndoa yao yote hakuwahi kumwona mumewe akitembea polepole namna ile.

Kesho yake mchana simu ililia. Mama Pacha aliishika kwa mikono yenye mafuta ya nywele.

"Nimempata mzee wenu," fundi akasema. "Mzima, na sauti yake yote. Nimenakili mara mbili."

Mama Pacha alikaa chini palepale, juu ya mguu wa mteja. Mteja akalia kwa maumivu, wengine wakalia kwa furaha, na mume akatoka mbio bila viatu kwenda zahanati.

Fundi aliwafungia ubao mwingine wa mtumba, na prosesa ileile ikarudishiwa spidi yake ya kiwandani. Jumapili mama wa muuguzi aliletwa kwa magongo, akawekwa kwenye kiti cha kusukia kwa kuwa ndicho chenye mto. Nyumba ilijaa mpaka dirishani. Mzee akatokea kwenye kioo cha kompyuta, kofia upande, maikrofoni ameishika kama nyundo.

"Mwanangu," alisema, "mlango wa chumba chako nimeutengeneza mimi. Mkigombana, usiubamize. Mumeo umnunie, mlango uuache. Na mama yako huko hospitalini, mwambieni kiti chake nimekipunguza miguu. Akirudi atakaa bila kuumia."

Mama akacheka, mkono mdomoni, machozi yakimtiririka. "Kweli nilikikuta kifupi!" akasema. "Nikadhani amekosea vipimo. Irudishe, baba. Irudishe hapo alipokisema kiti."

Baba Pacha akabonyeza. Kompyuta ikajivuta, ikazungusha kile kiduara chake, ikazungusha tena. Chumba kizima, watu zaidi ya ishirini, kikasubiri. Hakuna aliyeguna.

FUNZO TUNALOONDOKA NALO

Ndugu zangu, tatizo la nyumba ile halikuwa kompyuta. Lilikuwa tamaa ya kuonekana, na mtu akishikwa na tamaa hiyo huanza kuvichomoa vyote vinavyomwonya: king'ora, kinga, hata sauti ya mke wake. Basi ujue uwezo wa chombo chako kabla hujakidai zaidi. Kikilia, kikague, usikinyamazishe. Cha mtu ulichoaminiwa kinakili kwanza, kikague, ndipo ufute. Na ukiharibu, nenda mwenyewe ukaseme, siku hiyohiyo. Wale wawili walinusurika. Wengi hawapati nafasi ya pili, kwa hiyo wewe usiingoje.