Mchanga Moto wa Baba Umi

Kila asubuhi Kadija na mumewe Jafari huenda shambani kwao Mitole kuokota korosho. Korosho huanguka pamoja na bibo, tunda lake laini. Kadija huinama, huokota, hunyofoa, hutia ndooni. Kisha huinama tena.

Mwaka huu mgongo wake ulianza kuuma. Hakuanguka wala hakuvimba. Ulikakamaa tu.

"Harusi ya Umi imebaki siku kumi na mbili," alimwambia mumewe. "Binti yangu wa pekee anaolewa, nami nikae mkekani kama gunia?"

"Hukai," alisema Jafari. "Marehemu bibi yangu alikuwa akikandwa kwa mchanga wa moto. Ningoje."

Siku hiyo Jafari alikuwa akichoma korosho za kula nyuma ya nyumba. Alizimwaga mchangani zikiwaka, kama wafanyavyo wote, ili mchanga uzime moto na kunyonya mafuta ya maganda. Alipoziondoa korosho, mchanga ulibaki na moto mzuri. Jafari aliuchota, akaufunga kitambaani, akambandika mkewe mgongoni.

"Aa! Baba Umi, unanichoma kama korosho!"

Ngozi iliiva na kuanza kuwasha. Jirani yao Salome, mhudumu wa afya wa kijiji, alisikia kelele akaja mbio.

"Shikamoo, Mama Umi."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzio leo nimebanguliwa."

Salome aliunusa mchanga, akatikisa kichwa. Akamwosha Kadija kwa sabuni na maji mengi ya baridi.

"Mafuta ya maganda hula ngozi," alisema. "Yamo humu mchangani. Tena ulikuwa wa moto mno."

Jafari aliinamisha kichwa. "Nilitaka kusaidia."

"Na wazo lako lilikuwa zuri, baba. Joto hulegeza misuli iliyochoka. Tatizo ni namna ulivyofanya. Mna taulo?"

"Lipo."

"Ngozi ikishapona, lichovye katika maji ya moto, ulikamue. Kwanza libandike ndani ya mkono wako mwenyewe. Ukisema 'aa', usimwekee mwenzio. Naye akisema linachoma, litoe. Dakika kumi na tano zinatosha, mara mbili au tatu kwa siku. Asilale usingizi nalo."

"Na mguu ukiteguka?" aliuliza Kadija.

"Jeraha jipya lenye uvimbe lisikandwe kwa joto. Litulizeni kwa kitambaa cha maji baridi. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi naye asikandwe, maana ataungua bila kujua. Na mgongo ukiuma pamoja na homa, au miguu ikifa ganzi, usikande. Nenda zahanati."

Kisha akatazama ndoo ya korosho. "Tena, mama, usikunje mgongo siku nzima. Chuchumaa, na upumzike mara kwa mara."

"Nitaokota mimi," alisema Jafari. "Yeye akae anyofoe."

Siku ya tano ngozi ilikuwa imepona. Jafari alichemsha maji, akakamua taulo, akalibandika mkononi mwake. Akaliacha hapo muda mrefu.

"Unaonja mchuzi?" aliuliza Kadija.

"Nahakikisha."

Alifanya hivyo asubuhi na jioni. Siku ya tatu ya kukandwa, Kadija aliweza kuinuka bila kushika ukuta.

Jumamosi, siku ya harusi, ngoma zililia. Kadija alicheza mbele ya binti yake mpaka kanga ikamfunguka, wanawake wakapiga vigelegele. Umi alicheka huku akifuta machozi.

Jafari alikuwa mkekani, ameshika kiuno. Siku zote hizo alikuwa ameinama mikoroshoni peke yake, maana lile neno la kuchuchumaa alidhani ni la wanawake.

Kadija aliingia ndani, akatoka na taulo linalofuka mvuke. Alilibandika kwanza mkononi mwake.

"Mama Umi," alisema Jafari, "huo moto umeutoa wapi?"

"Geuka, Baba Umi. Leo hatujachoma korosho."