Buti la Kushoto

Kila alasiri akitoka shule, Kasi alivua sare, akala kilichobaki jikoni, kisha akaingia chumba cha mbele ambako mama yake alishona viatu. Jina hilo la utani alipewa na mama mwenyewe, kwa sababu tangu alipoanza kutambaa hakujua kufanya jambo polepole. Chumba kilikuwa kidogo, kinanuka gundi na ngozi. Akiwa binti wa miaka kumi na mitatu, Kasi alikwishajua kubandika kisigino na kushona soli kwa sindano mbili na uzi uliopakwa nta.

Ijumaa moja mjomba wake, ambaye alikuwa mwindaji, alileta mabuti yake ya mlimani. Aliyavaa miaka tisa kwenye mawe na matope, na ngozi ilikuwa bado nzima. Ni uzi wa soli ya kushoto tu uliokatika. Alieleza kwamba nguruwe dume wa msituni alikuwa ameshuka tena, na safari hii hakula viazi tu. Alimkuta mkulima shambani akampasua mkono, na mbuzi wawili waliofungwa pale akawatoa matumbo. Kesho yake wenye mashamba wote wangetoka kumsaka.

Mama alilipindapinda buti, akamwonyesha Kasi mahali pa kushona. Alimkumbusha kwamba gundi ni ya kushikilia soli wakati wa kushona tu, maana ikilowa huachia. Kisha akaenda kumwangalia jirani aliyekuwa mgonjwa, akamwachia kazi.

Kasi alianza vizuri. Alishona ubavu mmoja, akashona wa pili, vidole vikimuuma kwa kuvuta uzi. Alipofika kwenye ncha, ambako ngozi ni nene kuliko pote, sindano ikavunjika. Nje wenzake walikuwa wakimwita wacheze mpira. Alipaka gundi, akagonga kwa nyundo, akatoboa vitundu vya juu juu kwa msumari, akapitisha rangi nyeusi. Ungeapa kwamba pameshonwa.

Mama aliporudi aliuliza, "Na ncha umeshona?"

"Nimeshona, mama."

Mama alimwamini, akamkabidhi mjomba mabuti yake.

Asubuhi wanaume wengine waliziba njia za msituni, wanawake na watoto wakubwa wakapangwa juu ya miamba, kila mmoja na debe la kupiga, Kasi akiwa miongoni mwao. Mama alibaki nyumbani na kazi za wateja. Chini, kwenye bonde jembamba, mjomba na rafiki yake, mchoma mkaa, walisimama na mikuki, mbwa wawili mbele yao. Majani yalikuwa yamelowa umande.

Madebe yalipolia, nguruwe alichomoka kichakani kama jiwe linaloporomoka. Mbwa wa kwanza alirushwa juu, akaanguka utumbo ukiwa nje. Wa pili aling'ang'ania sikio, akabamizwa kwenye mwamba mpaka akanyamaza. Mjomba hakurudi nyuma. Alitanguliza mguu wa kushoto, akaukaza ili asukume mkuki kwa nguvu zote. Hapo ndipo ncha ya soli ilipofunguka. Ikanasa kwenye mzizi, ikajikunja chini ya unyayo, naye akaanguka kifudifudi, mkuki ukamtoka mkononi.

Nguruwe alimfikia kabla hajageuka. Alimchana paja, akalichana tena, akamsukuma juu ya mawe kwa pua yake. Mjomba alipiga yowe ambalo Kasi hakudhani mtu mzima anaweza kulitoa. Mchoma mkaa aliruka akamchoma mnyama mbavuni. Mkuki ukavunjika, nguruwe akamgeukia, akamponda vidole vya mkono wa kushoto. Kwa mkono uliobaki mchoma mkaa alichomoa shoka kiunoni, akampiga shingoni mara moja, mara mbili, mara tano, mpaka miguu ya nguruwe ilipoacha kurusha mateke. Damu ya mtu, ya mbwa na ya nguruwe ilichanganyika kwenye nyasi.

Kasi aliteremka mbio. Alifungua kitambaa chake cha kichwa, wakalifunga kwa nguvu paja la mjomba kwa pamoja, yeye na mchoma mkaa. Akiwa amepiga magoti pale, aliiona soli ikining'inia, ncha yake ikiwa na gundi tupu.

Mjomba alipelekwa hospitali. Jioni mchoma mkaa, mkono umefungwa bendeji, aliingia chumba cha viatu na kulitupa buti miguuni pa mama.

"Kaka yako wa tumbo moja," alisema, "na umemshonea kwa gundi. Mji mzima utajua."

Mama aliliokota. Alipitisha kidole gumba kwenye ncha, akavihisi vile vitundu vya msumari, akaelewa. Hakumtazama binti yake hata kidogo.

"Kazi imetoka nyumbani kwangu, na mimi sikuikagua," alisema. "Lawama ni yangu."

Maneno hayo yalimuuma Kasi kuliko kofi. Alisimama, akasema ni yeye aliyebandika, na kwamba alimdanganya mama. Mchoma mkaa aliinua mkono mzima ampige. Mama akaingia katikati, akamwambia kwa upole kwamba kama ni lazima ampige mtu, aanze na yeye. Mkono ule ulibaki hewani kitambo, kisha ukashuka, naye akatoka.

Siku ya pili Kasi alikwenda mwenyewe hospitali kumwambia mjomba. Mjomba alisema daktari amemshona mishono arobaini na hakuna hata mmoja wa gundi, akacheka, kicheko kikamuumiza, akageukia ukuta. Kasi alijua hajasamehewa bado.

Ilimchukua siku tatu kulishona upya lile buti. Alivunja sindano nne. Mama alivuta kila mshono kwa koleo, na uliolegea aliukata, Kasi akarudia. Mwezi ulipokwisha mjomba alikuja akichechemea, akalivaa, akatembea chumbani huku na huku, akaketi na kumwita mpwa wake karibu.

"Mvaaji haoni uzi ulivyopita ndani," alimwambia. "Unaona wewe tu. Ukidanganya mahali hapo, unamdanganya mtu aliyekwisha kukuamini, na yeye ndiye atakayeanguka. Ukichoka, sema umechoka. Sindano ikivunjika, sema imevunjika. Msako ungengoja siku moja, tusingepungukiwa na kitu."

Kasi aliitikia, machozi yakimtoka. Mjomba akamshika bega, na safari hii hakugeuza uso.

Wiki hiyohiyo mchoma mkaa alileta viatu vyake. Aliviweka mbele ya Kasi, akasema anavitaka keshokutwa. Kasi alivigeuza, akazikagua soli zote mbili, akamwambia haviwezi kuwa tayari kabla ya Ijumaa.

"Basi Ijumaa," alisema mchoma mkaa.