Kifaa Kisicho na Lebo

Saa 3:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma ya gereji. Mchoro umetandazwa juu ya boneti kuukuu. Wanaume watatu wameuinamia, na mmoja tu ndiye anayeuelewa.

Walimwita Kalamu. Miaka ishirini na sita alichora mabomba ya ghala la petroli na kuandika lebo ya kila kifaa, hadi wakubwa wapya walipomwambia kompyuta inatosha. Magoti yalimuuma. Kila kitu kilimchosha siku hizi, hata kuongea.

"Kila duara ni kifaa," alisema. "Herufi ya kwanza ndiyo kinachopimwa: L ni kina cha mafuta tangini, P shinikizo. Inayofuata ni kazi yake. Duara tupu, kifaa kipo pale pale kwenye bomba. Likiwa na mstari katikati, kinasomwa chumba cha uendeshaji."

"Acha ualimu," alisema Shoka, mwenye dili. "Kipi kitatuumbua?"

"LT 204. Petroli ikishuka, kinawaambia. Nitakifungia kisanduku hiki, kiseme tangi limejaa."

"Vingine?"

"Vyote vimo humu. Nilivichora mwenyewe."

Mdogo wake Kalamu, dereva wa lori, akacheka. "Kaka na viduara vyake! Mama alidhani utaoa kimojawapo."

Kalamu hakucheka. Kilichomleta si mgawo. Mpumbavu huyu alikwishampa Shoka neno lake, na kumtoa ilishindikana. Basi angalau awe karibu naye, amrudishe nyumbani mzima.

Saa 7:02 mchana.

Zamu zinabadilishana. Kwa dakika ishirini sehemu ya kupakilia haina mtu. Lori limeingia kwa karatasi za kughushi, Kalamu kwa ovaroli yake ya zamani. Akafunga kisanduku. Shoka akawasha pampu.

Saa 7:09.

Taa ya njano ikawaka nguzoni.

Kalamu akasogea. Kifaa kidogo, kipya, hakimo kwenye mchoro. Akakigeuza huku na huku akitafuta lebo. Hamna! Hata kipande cha karatasi. Walikifunga baada ya kumfukuza, na hakuna aliyejisumbua kuandika ni cha nini. Hasira ikampanda katikati ya wizi, hasira ya kazi kabisa.

"Washenzi hawa!"

"Kata waya," alisema Shoka akimpa koleo.

"Sijui kinafanya nini."

"Ndiyo maana ukate!"

Kalamu akaufuata waya kwa vidole. Upande mmoja ulikwenda kwenye pampu na king'ora. Upande wa pili ulishuka hadi kwenye kichwa cha kunusia, kiganja kimoja tu juu ya sakafu. Kipima mvuke wa petroli. Njano ni onyo. Ikiwa nyekundu, pampu inazimwa.

Akainama. Kiungo cha mpira wa kupakilia kilikuwa kinavuja, dimbwi la petroli limeenea chini ya lori. Juu yake, mdogo wake amekaa usukanini, injini inanguruma, maana Shoka alitaka waondoke mbio.

"Zima injini! Shuka!"

Kijana akamtazama Shoka. Shoka akatikisa kichwa: hapana.

"Kata, Kalamu." Bastola ilikuwa imeshatoka.

"Piga. Tuungue sote."

Aliogopa, asikudanganye mtu. Akalitupa koleo ndani ya mtaro.

Saa 7:12.

Nyekundu. King'ora kikalia, pampu ikanyamaza. Shoka akapiga kelele, "Kaka yako ametuuza!" kisha akauruka ukuta. Kalamu akapanda lori, akazima injini mwenyewe, akamburuta mdogo wake hadi mikononi mwa walinzi.

Saa 7:35.

Wamechuchumaa ukutani, pingu mikononi. Kikosi cha zimamoto kimefunika kila kitu kwa povu jeupe.

"Umetuuza, kaka?"

"Kulikuwa na petroli chini yako. Dimbwi zima. Cheche moja tu, ungekwisha."

"Iko wapi?"

Kalamu akatazama chini ya lori. Povu tupu.

"Sikuona petroli yoyote," alisema mdogo wake huku machozi yakimtoka. "Miaka mingapi jela, kaka? Nakuuliza! Sema ukweli hata mara moja."

Kalamu akamkagua. Nyusi zote mbili zipo. Masikio. Mikono yenye pingu, haina hata lengelenge. Akataka kueleza tena, mvuke, waya, taa. Akachoka kabla ya kuanza.

"Haya," alisema. "Nimekuuza."

Mdogo wake akatema mate chini, akasogea mbali naye.