Mchumba wa Mjukuu Wangu Alinitegea Mabomu Angani

BUUUM!

Nikafa. Tena!

Chombo changu kilisambaratika katikati ya nyota, na mimi niko sebuleni, miguu kwenye beseni la maji moto...

Msinililie, wajukuu zangu wa mtandaoni. Nilikufa kwenye gemu tu. Ila aliyeniua alikuwa anakula mezani kwetu, na hilo ndilo lililonichosha.

Mjukuu wangu anatengeneza gemu la vita vya angani. Kazi yake ni mabomu ya kutega. Unayamwaga njiani, yanalala kimya, adui akisogea yanaamka. Aliyeyatega hayamdhuru, yeye peke yake huyaona yakiwaka buluu. Sisi wengine hatuoni kitu.

Mimi ndiye ninayemjaribia. Mzee hana kazi, kapewa ya kufa!

Shida ni kwamba nilikuwa nakufa hata pale nilipotoka tu kupasafisha mabomu kwa risasi. Bosi wake akachoka.

"Mchezaji anakufa hajui hata kafanywa nini! Ijumaa nionyeshe. Yakiwa hivi hivi, mabomu yanatoka na wewe unatoka nayo."

Mtoto wa watu akakonda. Macho mekundu, chai inapoa mkononi.

"Bibi, labda kazi siijui."

"Labda mimi ndiye sijui kuendesha, mke mwenzangu."

Mchumba wake, ambaye wanafanya kazi pamoja, akamshika bega.

"Achana na mabomu, mpenzi. Umechoka."

Sauti hiyo! Mimi mwenyewe nikatamani kuolewa upya.

Alhamisi mchana mume wetu huyo akaja na kompyuta yake, akaiacha wazi mezani, akatoka nje kupokea simu. Ya kwangu ilikuwa imeisha chaji. Na uvivu wangu wa kuinuka, nikavuta ya kwake. Gemu liko wazi, kaingia kwa jina la bandia.

Heh!

Anga zima buluu!

Buluu pale nilipofia asubuhi. Buluu mlangoni pa kituo changu. Buluu kila kona niliyosafisha...

Ni yeye aliyekuwa ananitegea!

Nikamwita mjukuu. Akatazama. Hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu, kama mtu aliyetuliwa mzigo kisha akatwishwa mwingine.

Mchumba akaingia anacheka. Alipotuona, kicheko kikakatika.

"Bibi, shikamoo..."

"Ulishaniamkia. Sema kwa nini uliniua."

"Nilitaka bosi ayaondoe hayo mabomu," akasema, anaangalia sakafu. "Mjukuu wako angepumzika. Tungeoana, akae nyumbani atulie. Kuna ubaya gani?"

"Umeninyima usingizi," mjukuu akasema, "ili nipumzike?"

"Nakupenda!"

"Najua. Toka."

Akatoka. Hata mlango haukubamizwa. Nani ana nguvu hizo?

Baadaye mjukuu akauliza:

"Bibi, ulipojua ni yeye, ulijisikiaje?"

"Nilitaka nirudi humo ndani nimtafute, nimlipue mpaka aite mama yake!"

Akanitazama... halafu akavuta kompyuta yake. Jioni ile ile akabadilisha. Sasa bomu hulia kidogo kabla ya kuamka. Na ukishalipuka, unaandikiwa jina la aliyekutegea.

Ijumaa tulienda wote ofisini, nikatega ya kwangu. Bosi akaingia kucheza, kajiamini kweli.

BUUUM!

Kioo kikaandika: UMELIPULIWA NA BIBI.

"Bibi ni nani?!" Akavua koti. "Rudisha! Namtaka huyo huyo!"

Akacheza mpaka chakula cha mchana kikampita. Mabomu yakabaki. Mjukuu akabaki.

Funzo langu ni hili: mtu akikuonea huruma bila kukuuliza unachotaka, angalia huruma hiyo inakupeleka wapi. Na anayekutegea mjue kwa jina, hata kama jina lenyewe linauma.

Mjukuu kalala tangu tuliporudi. Mchumba anapiga simu, anapiga tu. Napokea mimi.

"Bibi, naomba niongee naye."

"Amepumzika, baba. Si ndicho ulichokitaka?"