Pamba ya Mwamini

Asubuhi ile Mwanne alikuwa uani kwake Kisarawe, anakaanga chumvi. Si ya kula. Aliifunga ya moto kwenye kipande cha kaniki, akajikandia sikio la kulia, maana tangu masika lilikuwa linavuma kama lina nyenje ndani, na nyenje wenyewe hawajui kulala.

Kisarawe ukisema unaumwa, hata kuku anakuagulia. Wifi yake wa Mkuza alimletea mafuta ya nyonyo. Jirani akamtilia maji ya kitunguu, akalia machozi bure. Mumewe, Mwishehe, asiyejua kutibu hata mafua yake, alisema dawa ni kupunguza umbea. Iliyosifiwa zaidi ilikuwa kitunguu saumu kilichopondwa, kikapashwa moto katika mafuta ya nazi. Yakipoa unachovya pamba, unaziba sikio. Lakini sharti pamba. Mwanne alijaribu kitambaa, kikanywa mafuta yote, sikio likabaki na kiu.

Na pamba angeitoa wapi? Ilikuwa miaka ya vita vya pili vya Wazungu, watu wanavaa magunia, dukani kwa Mhindi zimebaki rafu. Ya shambani ilikuwa bado haijapasuka.

Ndipo Mwamini akafa. Mwanne na Mwamini walichezwa ngoma moja ya unyago, wakatolewa ndani siku moja, wakazeeka wakigombania kisima kimoja. Na Mwanne ndiye aliyekuwa muosha wa wanawake pale. Mkono wake ulisifiwa hadi Pugu. Tatu, binti wa marehemu, alimkabidhi sanda na kidonge cha pamba kilichotafutwa mpaka Dar es Salaam, kidogo kama yai la njiwa. Sufi ya mtini wazee walikuwa wameikataa, ati ni ya magodoro.

Mwanne aliosha vizuri, tusimsingizie. Akaziba pua, akaziba sikio la kushoto. Mmiminaji maji alipotoka kuchota mengine, Mwanne akaitazama pamba iliyobaki mkononi, na nyenje wake wakamkazania. Akajiambia kwamba maiti atalazwa ubavu wa kulia, sikio la kulia litalalia udongo, na udongo utaziba wenyewe. Akafunika sanda. Pamba ikaingia kwenye pindo la kanga.

Baada ya adhuhuri wanaume walipoondoka na jeneza, alipenya uani kwake, akapasha mafuta, akaziba sikio. Nyenje wakanyamaza. Kimya kitamu, cha baridi. Akarudi msibani akakaa mkekani na wenzake, karibu asinzie kwa raha.

Tatu akaja kupiga magoti mbele yake.

"Mama mdogo, umemsitiri mama yangu. Mungu akusitiri na wewe."

Mwanne aliitikia amina huku akitazama vidole vyake vya miguu. Harufu ya kitunguu saumu ikamtoka sikioni, akajifunika kanga mpaka kidevuni.

Hapo akasikia majembe.

Makaburi yako ng'ambo ya bonde. Majembe hayasikiki kutoka kule. Sikio la kushoto lilisikia wanawake wakinong'ona na mtoto akililia uji. La kulia lilisikia udongo. Ulikuwa unaanguka kwa juu. Juu yake yeye.

Udongo ukakoma. Ikaja sauti ya Mwalimu Zahoro wa chuo cha Kurani, nzito, kama ya mtu anayesemea ndani ya chungu, akimsomea Mwamini talakini na kumfundisha atakayoulizwa. Halafu vishindo vya miguu. Vingi. Vinakwenda. Vimekwenda.

Kimya.

Kitu kikakaa karibu. Hakikuwa mtu, mtu akikaa hupumua. Kikauliza lile swali ambalo kila mtoto wa chuoni analijua jibu lake. Mwanne alilisikia lote, neno kwa neno.

Hakuna aliyejibu.

Kikauliza tena. Ndipo akasikia mnong'ono, wa karibu sana, anaoujua tangu wote wawili walipokuwa wali ndani.

"Mwanne. Naulizwa nini? Sisikii. Udongo umeniingia."

Kulirudia lile swali kwa sauti lilikuwa jambo dogo: maneno machache, Mwamini angejibu, basi. Lakini wanawake wote wangemgeukia. Wangemuuliza amelisikia wapi. Wangeiona pamba.

Akafumbua mdomo.

"Unasema nini, mama mdogo?" Tatu akamwuliza.

Mwanne akamtazama yule mtoto, macho yamemvimba kwa kilio, na uso wote umejaa shukrani.

"Sikio tu, mwanangu. Linanisumbua."

"Mwanne," ukasema mnong'ono. "Upesi."

Akachomoa pamba. Akaitupia kwenye moto wa msiba, kati ya mafiga. Iliwaka kwa harufu ya nywele.

Sikio halikuvuma tena maisha yake yote, wala yeye hakuosha tena maiti. Alisema mikono inamuuma. Watu wakasema anaringa, akawaacha waseme.

Siku ya kuondoa tanga, wanaume walikuta tundu kwenye kaburi la Mwamini, upande wa kichwa, jembamba, kidole cha mwisho kinaingia. Mwishehe akalishindilia udongo. Kesho yake likawa wazi. Wakaweka jiwe, jiwe likakutwa pembeni. Lipo mpaka leo. Mchwa hawaliingii, nyasi hazilifuniki, na masika yakijaza bonde zima, mle maji hayatuami. Ukiinama kulitazama, utahisi hewa inavutwa ndani kidogo, halafu inakoma, kama mtu aliyebana pumzi ili asikie.