Kumbatio la Upande Mmoja

"Mkwe hapimwi kwa maneno! Ingia mtumbwini ukanyage, tukuone!" mzee Kaijage alisema, na wajomba wakaangua kicheko.

Jovitus alikunja suruali, akanawa miguu, akapanda kwenye mtumbwi wa kukamulia ndizi uliowekwa uani pale kijijini Chonyonyo. Keshokutwa ilikuwa harusi yake na Eugenia, binti wa mzee huyo, na rubisi, pombe ya ndizi ya wageni, ilitakiwa ianze kuchacha.

Harufu ya ndizi mbivu ilimrudisha Eugenia utotoni. Enzi zile Jovitus, kijana wa jirani, alikanyaga akiimba kuliko wote, kisha akamletea kwa siri kibuyu cha kwanza cha mulamba, juisi tamu ambayo haijachacha. Yuko wapi yule Jovitus? Huyu aliyerudi juzi kutoka "kibaruani Kahama" amekonda, haimbi, na alimkumbatia kwa upande mmoja tu, kama mtu mwenye mwanamke mwingine moyoni.

Simu yake ikatetemeka. Ni Therese, dada yake Jovitus.

"Wifi, nasikia leo mnakamua. Mzuie! Hakwenda Kahama. Tulikuwa hospitalini India, alinipa sehemu ya ini lake. Daktari kamkataza kazi nzito, mshono wa ndani haujashika. Alinikataza nisikwambie."

Eugenia aliinua macho. Jovitus alikuwa ameshika ubavu wa kulia, uso umempauka.

"Toka humo!"

"Eugenia, usiniaibishe mbele ya baba."

"Toka, au nipandishe shati lako wote waone!"

Kicheko kikakatika. Jovitus alishuka taratibu, kama mzee.

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Daktari alisema naweza kuvuja damu, au nyongo ikavuja tumboni. Wengine, wachache, hawaamki kabisa. Ningekuambia, ungelia. Ungelia, nisingeenda. Therese angekufa."

"Na mimi ningepigiwa simu nije kuzika?"

Jovitus aliinamisha kichwa. "Nisamehe."

"Nilijua una mwanamke."

"Ninaye. Ana ini langu, na bado ananigombeza."

Eugenia alicheka huku machozi yakimtoka. "Sasa utaishi na nusu?"

"Linakua tena, lenyewe. Tumbo walilopasua ndilo linataka muda."

"Na humo mtumbwini ulifuata nini?"

"Sikutaka baba aambiwe binti yake anaolewa na mgonjwa."

Mzee Kaijage alikohoa. "Kijana, umempa dada yako ini, halafu mimi nakutesa kwa ndizi? Kaa kitini hapo."

Eugenia alikaza kitenge. "Basi nakanyaga mimi."

"Tangu lini mwanamke akaingia humo? Nipishe!"

Mzee alivua viatu vyake vya mvua, akanawa miguu, akapanda mwenyewe. Wajomba walitazamana, hawajapata kuona baba mkwe akimkanyagia mkwe ndizi.

"Haya mkwe, wewe imba. Au na koo walikata?"

Jovitus alianza kwa sauti ndogo. Kufikia ubeti wa pili, sauti ikawa ile ile ya zamani, na uani kote wakaitikia.

Mulamba ulipoanza kutiririka, Eugenia alikinga kibuyu cha kwanza, akampelekea Jovitus mbele ya watu wote. Alipomaliza kunywa, Eugenia akazunguka kiti, akamkumbatia kwa nguvu zake zote, upande wa kushoto.