Mgeni wa Chumba Namba Saba

Apa kwanza kwamba humwambii mtu, maana hata mimi nilimwapia mumewe shoga yangu. Haya, sogea.

Shoga yangu ni yule fundi cherehani anayeongea na pini mdomoni. Alitaka kwenda na mumewe kwenye hoteli ya kifahari kule jangwani. Akapiga simu kuulizia chumba, akataja jina lake, akaweka sauti ya juu ili sote pale sebuleni, mimi, mumewe na wifi yake, tusikie.

"Mama, si umeshafika tangu asubuhi?" akasema mpokea wageni. "Uko chumba namba saba."

Wifi yake akacheka. "Kaka, umempangia nani huko?"

"Sijampangia mtu, wallahi."

"Niunganishe na huyo mwanamke," akasema shoga yangu.

Tukasikia upepo, na mchanga ukikwaruza vioo. Kisha sauti ya mwanamke, maneno yakipita kwenye pini.

"Mume wangu, njoo unitoe, huku giza na mlango haufunguki. Huyo uliyekaa naye si mimi."

Tukageuka wote. Shoga yangu hakuwa ametoka nyumbani wiki nzima, lakini mchanga mwekundu ulikuwa ukichuruzika kutoka kwenye upindo wa gauni lake, naye akiufukia taratibu chini ya zulia kwa mguu.